Jinsi ya kupunguza mionzi ya simu nyumbani, hatua kwa hatua

Hapa kibandani Mwembe Tayari, Mombasa, ambapo kazi yangu ni kutengeneza simu, kila wiki naulizwa yale yale. Simu inaleta kansa? Nikilala nayo chini ya mto nitadhurika? Mnara uliojengwa nyuma ya nyumba yetu Kisauni, tuuhame? Hiki kibandiko cha kuzuia mionzi, nikinunue? Nimejibu kwa mdomo mpaka nikaona heri niandike, ili anayeuliza aondoke na kitu cha kufanya, si maneno ya kumtuliza tu. Tenga saa moja jioni ukiwa nyumbani. Ukimaliza utajua simu yako inahangaika wapi na inatulia wapi, na hapo ndipo penye dawa.

Unavyohitaji

- Simu yako, ikiwa na chaji ya kutosha na laini yenye salio kidogo.
- Kabambe ya 2G, yaani simu ndogo ya vibonye, kama ipo nyumbani.
- Redio ndogo ya zamani yenye AM, au spika ya waya.
- Karatasi na kalamu.
- Waya wa masikioni.
- Mtu wa kukupigia unapomwambia apige.

Mambo matatu ya kujua kwanza

Simu ni redio inayosikiliza na kujibu. Inausikia mnara, nayo inaujibu kwa mawimbi ambayo kwa kawaida yako kati ya megahezi 800 na 2600. Mawimbi haya ndiyo mionzi tunayoizungumzia, nayo hayana nishati ya kuvunja chembe za mwili kama ifanyavyo eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto, tena kidogo.

La pili ndilo ninalokuomba ulishike: simu haitoi nguvu ile ile wakati wote. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Mnara ukiwa mbali au ukizibwa na ukuta, simu hupaza sauti kama mtu wa Likoni anayemwita mwenzake aliye ng'ambo. Kabambe ya 2G kwenye masafa ya 900 inaweza kufika wati 2 kila inapotuma, ila hutuma kwa zamu, sehemu moja kati ya nane ya muda, hivyo wastani wake wa juu ni wati 0.25. Simu ya 4G kwa kawaida ukomo wake ni wati 0.2, na ikipata mtandao mzuri hushuka chini sana ya hapo.

La tatu ni umbali. Mawimbi husambaa kadiri yanavyokwenda. Ukiongeza umbali mara mbili, yanayokufikia hubaki kama robo. Kwa simu iliyogusa sikio, sentimita chache tu hubadilisha mambo.

Na kansa je? Mwezi wa Mei 2011, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliyaweka mawimbi haya katika kundi 2B, yaani "huenda yakasababisha saratani". Kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake haukutosha kuvitia hatiani wala kuviachilia. Tangu hapo utafiti umeendelea, na mwaka 2024 mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika hilo la Afya hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Kwa hiyo mimi simtishi mtu. Lakini kupunguza mionzi hakugharimu hata shilingi, na anayetaka kupunguza ana haki ya kuonyeshwa njia iliyo ya kweli.

Hatua

1. Hakikisha simu si feki. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Itume kwa meseji kwenda 1555, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nawe utajibiwa kama simu hiyo inatambulika na ni ya aina gani. Jibu likitaja aina tofauti na iliyoandikwa mgongoni, simu yako ni feki. Kenya ilizizima simu feki mwaka 2012, lakini nyingine bado zinaingia. Simu ya namna hiyo haijapimwa na mtu, na karatasi iliyomo ndani ya boksi lake haina maana yoyote.

2. Soma SAR yake. SAR ni kipimo cha nishati ya mawimbi inayoingia mwilini, kwa wati kwa kila kilo. Bonyeza *#07#; simu nyingi za Android huonyesha hapo. Kwenye iPhone ingia Mipangilio, kisha sehemu ya Jumla, ushuke mpaka kwenye mambo ya sheria. Ukomo wa Marekani ni 1.6, ukipimwa kwenye gramu 1 ya mwili. Ukomo wa Ulaya kwa kichwa na kiwiliwili ni 2.0, ukipimwa kwenye gramu 10. Kwa kuwa vipimo ni viwili, usiilinganishe namba ya huku na ya kule.

*Onyo:* Usichague simu kwa sababu moja ina 0.9 na nyingine 1.2. SAR hupimwa simu ikisukumwa itoe nguvu yake yote. Simu ya 1.2 ukiitumia penye mtandao mzuri itakupa mionzi michache kuliko ya 0.9 inayohangaika chumbani. Kazi ya namba hii ni kukuambia kuwa simu haikuvuka ukomo. Hata huo ukomo husimamiwa: Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuipima ikiwa imeshikwa mkononi au kuwekwa mfukoni na kupata 5.74, wakati ukomo wa kipimo hicho ni 4.0, na Apple ikalazimika kurekebisha programu yake.

3. Isikie simu ikituma. Hatua hii naipenda, kwa kuwa hapa mtu hutambua kwa masikio yake kwamba simu si jiwe. Washa redio upande wa AM, iweke mahali pasipo na stesheni, ipe sauti kiasi. Weka kabambe ubavuni mwake, zikikaribia kugusana. Mwambie mwenzako apige. Kabla simu haijalia utasikia redio ikikoroma: *trrr-tit-tit, trrr-tit-tit*. Hiyo ni kabambe inaujibu mnara, ikituma mapigo takriban 217 kwa sekunde. Sasa isogeze simu polepole, shubiri moja, shubiri mbili, kisha urefu wa mkono. Mkoromo utafifia mpaka upotee. Sauti hiyo si kipimo cha mionzi, lakini umesikia mwenyewe kazi ya umbali. Simu ya 4G mara nyingi haikoromeshi redio, kwa sababu haitumi kwa mapigo ya namna ile, kwa hiyo ukiikosa usidhani simu haitumi.

4. Chora ramani ya mtandao wa nyumba yako. Vile vijiti vya juu ya kioo havitoshi; kila kampuni huvichora itakavyo. Unataka namba. Kwenye Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utafute nguvu ya mawimbi. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* kama unayepiga simu ya kawaida. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake, ikifuatwa na dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli.

Hapa ndipo wengi hukosea: -110 ni *dhaifu* kuliko -80. Kila desibeli 10 unazoshuka, nguvu inayokufikia imegawanywa kwa kumi. Kwa 4G, -80 hadi -90 ni nzuri, -100 ni ya wastani, na ukipita -110 simu inapata taabu. Linganisha 4G na 4G, 2G na 2G, usichanganye.

Tembea na karatasi yako. Simama kila chumba, subiri kama dakika moja namba itulie, andika. Pima katikati, karibu na dirisha, mlangoni, barazani, na darini kama una dari ya kuanika nguo.

Bibi mmoja wa Kibokoni aliniletea simu yake mara tatu ndani ya mwezi mmoja. "Mwanangu, hii inachoma sikio, na adhuhuri haifiki chaji imekwisha. Si mionzi hii?" Nilibadilisha betri, malalamiko yakabaki. Mara ya tatu nikafunga kibanda nikaenda naye kwake. Nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukiweka mkono unazama mpaka kiwikoni, na juu boriti zimepangana. Chumba anachokaa ni cha ndani kabisa, hakina dirisha. Nikapima: -118. Nikatoka naye mpaka ukumbi wa mbele, kwenye dirisha linalotazama njia: -92. Tofauti ya desibeli 26 ni kama mara mia nne. Nikamwambia, "Bibi, simu yako haina ugonjwa. Chumba ndicho kinachoitesa." Tukatia msumari mdogo ukutani kando ya dirisha, nikamfungia kikapu cha ukili cha kuwekea simu. Siku hizi chaji inamfikisha isha.

5. Chagua mahali pa kuzungumzia. Kwenye ramani yako tafuta pale penye namba bora. Hapo pawe mahali pa simu. Mara nyingi ni dirisha linaloelekea mnara, au barazani. Nyumba za mabati pande zote huziba mawimbi vibaya kuliko mawe, na huko mlangoni ndipo penye nafuu. Kama nyumba ina waifai na mtandao wa laini ni mbovu, piga kwa intaneti: simu itazungumza na kisanduku kilicho mita chache tu, tena kwa nguvu ndogo kuliko ya kuutafuta mnara wa mbali.

6. Iondoe sikioni. Tumia spika au waya wa masikioni kila unapoweza. Kwa mazungumzo marefu, meseji ya sauti ni bora zaidi: unazungumza ukiwa umeiweka simu mezani.

Na hapa nasema na akina mama. Najua raha ya kuchomeka simu ndani ya mtandio, mikono ikabaki huru ukikuna nazi kwenye mbuzi au ukisukuma chapati. Lakini hapo umeibana simu kwenye shavu kwa nusu saa, joto na jasho havina pa kutokea, na kiganja hakipati hata ile nafasi ya kuisogeza. Iweke rafuni, hatua moja kutoka ulipo, washa spika. Kama hutaki jikoni kote kusikie umbea wa shangazi, vaa waya chini ya mtandio na simu ibaki rafuni.

Kuiweka simu kwenye sidiria au kuifunga kwenye pindo la leso tumboni, acha unapokuwa na nafasi ya kuiweka kwenye mkoba. Hakuna madhara yaliyothibitishwa, ila betri inayopashwa joto mwilini siku nzima, kwenye unyevu huu wetu, haikai vizuri.

7. Subiri iunganishwe. Unapopiga, hasa kwa 2G, simu huanza kwa nguvu kubwa, kisha mnara huiamuru ishuke. Iangalie kioo mpaka upande wa pili upokee, ndipo uinue. Ni sekunde chache.

8. Safarini, punguza maongezi. Matatu ni boksi la chuma linalokimbia kutoka mnara hadi mnara. Simu humo hupaza na kuhama, hupaza na kuhama. Lifti ni mbaya zaidi. Kwenye feri ya Likoni ukiwa sitaha penye uwazi hali si mbaya, lakini ukiwa ndani ya gari lililobanwa na malori pande zote utaona simu inapata moto. Tuma meseji, uzungumze ukifika. Nanyi waendeshaji wa bodaboda mnaobana simu ndani ya helmeti: ajali ya kuongea barabarani ni hatari ya hakika, haihitaji utafiti.

9. Usiku. Simu iliyotulia hutuma mara moja moja tu, kwa muda mfupi. Ikiwa mezani, hatua mbili kutoka kichwani, inatosha. Ukitaka itulie kabisa, iweke hali ya ndege. Kengele ya kuamkia swala italia kama kawaida. Kinachonitia hofu mimi ni simu inayochajiwa chini ya mto kwa chaja ya bei ya kutupwa. Mto huzuia joto lisitoke, na betri ya lithiamu ikizidiwa na joto huwaka. Nimeletewa simu zilizoyeyuka mgongo kwa sababu hiyo, na moja ilikuja na kipande cha foronya kimeganda juu yake.

10. Watoto na wenye mashine ya moyo. Mtoto mpe spika, na muda mfupi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aiweke simu angalau sentimita 15 mbali nacho, atumie sikio la upande wa pili, na asiiweke kwenye mfuko wa shati. Simu mpya zenye sumaku mgongoni azichunge zaidi, na daktari wake ndiye wa kumpa neno la mwisho.

Makosa ninayoyaona kila siku

*Vibandiko vya kuzuia mionzi.* Usinunue. Fikiri kidogo: kama kingezuia mawimbi kweli, simu isingeshika mtandao. Kikizuia nusu, simu itapaza zaidi ili ipenye, na mionzi itaongezeka. Tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi, FTC, imewaonya watu kuhusu vitu hivi kwa sababu hiyo hiyo. Makava yenye bamba la chuma nayo ni hivyo hivyo, na karatasi ya fedha ya kufungia kuku pia.

*Kuukimbia mnara.* Nalielewa hili, maana mnara ni mrefu, una taa nyekundu, na mara nyingi majirani hushtukia umeshasimama. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mawimbi ya minara yaliyopimwa mahali watu wanapofika ni kati ya asilimia 0.002 na 2 ya ukomo wa kimataifa. Antena hutupa mawimbi mbele, kwa upana, hazimwagi chini kama mvua. Simu iliyo sikioni ndiyo inayokupa mionzi mingi kuliko mnara wa mtaa, na mnara ukihamishwa mbali simu za mtaa mzima zitapaza.

*Lakini kwenye dari, tahadhari.* Maghorofa mengi ya hapa mjini yana antena juu, pale pale wanapoanika nguo. Mbele ya antena, ndani ya mita chache za uso wake, nguvu huwa kubwa kweli, na ndiyo maana huwekwa uzio na kibao cha onyo. Usifunge kamba ya nguo kwenye nguzo yake, usivuke uzio, na usimwache mtoto achezee hapo. Uzio ukiwa umeng'oka, mwambie mwenye nyumba awaite wenye antena siku hiyo hiyo.

Ukikwama

*Nimepiga *#07# na sikuona kitu.* Simu nyingine hazina huduma hiyo. Angalia kijitabu cha ndani ya boksi au tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la simu. Kama simu ni feki, usijisumbue.

*Namba ya dBm inarukaruka.* Ni kawaida. Watu wanapita, mlango unafungwa, mnara una shughuli. Pima mara tatu, andika ya katikati. Ikiruka kutoka -90 hadi -115 ukiwa umesimama pale pale, huenda simu inahama kati ya 4G na 2G. Itazame ile herufi au namba iliyo kando ya vijiti.

*Nyumba nzima ni mbaya, hakuna pa heri.* Jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kununua simu mpya. Azima ya jirani, upime vyumba vile vile. Mnara wa kampuni moja unaweza kuwa nyuma ya jengo na wa nyingine ukawa wazi mbele yako.

*Sikio linapata moto nikizungumza.* Joto hilo karibu lote ni la betri na mashine ya ndani, pamoja na kioo kuzuia ngozi isipumue. Lakini ni dalili: mara nyingi simu inafanya kazi kubwa kwa kuwa mtandao ni dhaifu. Rudi hatua ya 4. Ikipata moto hata penye mtandao mzuri, betri au sehemu ya kuchajia ina kasoro. Upepo wa chumvi wa huku pwani hula vyuma vya tundu la chaji. Ilete kwa fundi.

*Kichwa kinauma nikizungumza sana.* Tumia spika kwa wiki moja, punguza kukitazama kioo usiku, kunywa maji. Kikiendelea, nenda hospitali. Usikae nyumbani ukiilaumu simu wakati pengine ni macho au presha.

*Mgongo wa simu umeinuka, kioo kinaachia.* Betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, na usiitoboe kwa sindano eti itoe hewa. Ikitobolewa inaweza kulipuka moto mkononi. Iweke kwenye sufuria au juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na kitanda, uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Na umwambie betri ya zamani abaki nayo yeye. Usirudi nayo nyumbani, wala usiitupe jaani watoto wanapookota vyuma.